Mwacheni kwanza asimame dede

Jumapili iliyopita simu iliita saa moja kasoro asubuhi, mikono yangu bado ina povu la nepi. Alikuwa shangazi yake mume wangu, ambaye yuko Muscat miaka mingi sasa. Shangazi hana salamu ndefu. Aliuliza kama tumeamka salama, akauliza kama mvua imenyesha, kisha akafika kwenye lililomfanya apige: "Haya, na huyo bwana mdogo, kashatembea?"

Nikamwambia bado, anasimama dede.

"Bado tu? Na mwaka si ndiyo huu?"

Ndiyo huu. Zimebaki wiki mbili mwanangu atimize mwaka mmoja, na tangu aingie mwezi wa kumi hilo swali linaingia nyumbani kwetu kwa kila mlango. Mama wa genge ananiuliza akinifungia nyanya. Kondakta wa daladala aliyetubeba kwenda kliniki aliuliza. Kazini kuna mwenzangu ambaye wa kwake alitembea akiwa na miezi tisa, na hajawahi kuniuliza habari za mwanangu bila kunikumbusha hiyo miezi tisa. Najua hakuna anayeuliza kwa ubaya. Lakini mama anayelala saa tano akaamka saa kumi kunyonyesha, ukimuuliza "bado tu?" mara nne kwa siku, jioni atamtazama mwanawe kwa jicho ambalo asubuhi hakuwa nalo. Mimi nimeshajikuta nalo, na limeniumiza.

Walioiunda lugha yetu naamini walikuwa watu waliokaa sakafuni na watoto. Mtoto wetu hakai tu, anakaa kitako. Akianza kujisogeza kwa makalio anasota. Akitumia mikono na magoti anatambaa. Kisha anasimama dede, kisha anakwenda tata, hatua zake za kwanza za kuyumbayumba. Kila hatua imepewa jina lake, na hakuna jina hata moja lenye maana ya kuchelewa. Dede yenyewe ni kitu cha sekunde chache: mtoto alikuwa ameshika kiti, sasa ameachia, magoti yanatetemeka, mikono ameipandisha juu kama anabeba sinia, macho kayatoa, halafu pwa, amekaa. Watu walioona haja ya kuzipa sekunde hizo neno lake peke yake walikuwa wanajua kwamba hapo kuna kazi kubwa imefanyika. Sisi leo tunairuka. Tunauliza tu kama anatembea.

Hata wataalamu, walipokaa na watoto kwa miaka na kuandika, hawakutoka na tarehe moja. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, hukohuko kwa shangazi. Matokeo yalitolewa mwaka 2006. Karibu wote walianza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na siku chache na miezi inayokaribia 18, na wote ni wazima. Tofauti ya miezi tisa na zaidi, mimba nzima hiyo! Na wapo watoto, kama wanne katika kila mia, ambao hawakuwahi kutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Walisota au walijiburuta kwa tumbo, kisha wakasimama wakaenda zao. Nilipomsomea mama mkwe haya hakushangaa. Alisema mume wangu naye alisota mpaka kaptula zote zikatoboka makalioni.

Mama mkwe yuko nasi tangu mwezi uliopita, kaja kutoka Muheza kwa ajili ya sherehe ya mtoto kutimiza mwaka. Mwanangu amerithi jina la marehemu babu yake, kwa hiyo bibi humwita mtoto "mume wangu", na asubuhi humwamkia kwa adabu kabisa: "Mume wangu umeamkaje? Umeniachia nini cha matumizi?" Mtoto humpa chochote alichoshika, hata kama ni kipande cha ndizi alichokwisha kukitafuna, na bibi hukipokea kwa mikono miwili. Siku za mwanzo nilihofia kwamba yeye ndiye atakuwa wa kwanza kunisumbua, maana kwao zipo dawa nyingi za mtoto asiyetembea, pamoja na kumchimbia shimo mchangani na kumsimamisha humo miguu imefukiwa. Alilitaja siku moja tu. Kisha akamshika mtoto miguu, akaikunja magoti, akaikunjua, akamtazama anavyoshika meza na kuinuka, akasema miguu hii haina kitu, hebu mwacheni.

Kigari ndicho kilichotuletea balaa. Wifi yangu, kwa mapenzi mema kabisa, alikileta kutoka Kariakoo mtoto alipofika miezi minane: kile cha duara chenye magurudumu, ambacho wengi wanakiita woka. Kilikuwa na vitufe vya kuimba na kipira cha kuzunguka. Mtoto alikipenda. Mimi pia nilikipenda, nisidanganye, kwa sababu kilinipa dakika kumi za kukatia mchicha mikono yote miwili ikiwa huru.

Jioni moja jiko la mkaa lilikuwa kwenye kibaraza cha nyuma, maharage yanatokota. Mlango ulikuwa wazi ili moshi usirudi ndani. Niligeuka kuchukua chumvi, na nilipogeuka tena kigari kilikuwa kimeshafika mlangoni. Mtoto mwenye miezi minane kwa nguvu zake mwenyewe asingeweza kuvuka sebule kwa muda wa kuchota chumvi. Kwa magurudumu aliweza. Kilichomzuia ni tambara la kudekia ambalo dada anayetusaidia kazi alilisahau kwenye kizingiti: gurudumu la mbele lilikwama hapo, kigari kikainama, na mwanangu akabaki anapiga miguu hewani, hatua mbili kutoka kwenye jiko, anacheka. Nilimtoa mle huku nikitetemeka. Usiku ule baba yake alikifungua skrubu zote, na hatukumpa mtu mwingine.

Baadaye nikasoma kwamba Kanada ilipiga marufuku kuuza vigari hivi tangu mwaka 2004, na kwamba madaktari wa watoto wa Marekani wamekuwa wakidai marufuku hiyohiyo kwao kwa miaka mingi. Watoto huanguka navyo ngazini na kufikia majiko na vyungu. Na ajabu yake ni kwamba havimfundishi mtoto kutembea. Mle ndani ananing'inia akisukuma kwa ncha za vidole, haoni miguu yake, haanguki, hajishiki. Sisi tunakinunua ili atembee upesi, na kinaweza hata kumchelewesha. Hapa kwetu kinauzwa kila kona, na naomba kila mzazi anayesoma hapa akiwa nacho akitoe nyumbani leo.

Kliniki hawajawahi kunihangaisha. Muuguzi humning'iniza kwenye mzani, huweka nukta kwenye kadi, huangalia kama mstari unapanda, huuliza anakula nini. Nilipomweleza uji wa ulezi, ndizi za kuponda, ugali laini na mchuzi wa dagaa, aliniambia niongeze mafuta kidogo na nisiache kumnyonyesha. Chanjo ya surua na rubela alipata akiwa na miezi 9, na ya pili ni miezi 18. Kwenye ratiba ile ya chanjo hapo kwenye mwaka mmoja hakuna sindano. Nilipoliona hilo nilifurahi kama mtu aliyepata shahidi.

Sisemi watu wafumbe macho. Mtoto ambaye miezi tisa imekwisha na hawezi kukaa bila kushikiliwa, ambaye miguu imekakamaa au imelegea kama kitambaa, anayetumia mkono au mguu wa upande mmoja tu, au aliyekuwa akisimama kisha akaacha, huyo apelekwe hospitali bila kungoja, na aliyefika miezi 18 hatembei naye vilevile. Hospitali, si kwa mkata vimeo. Lakini hayo mtu huyaona kwa kumtazama mtoto mwenyewe, na majirani wanaouliza "kashatembea?" kwa kawaida hawajamtazama. Wameuliza umri tu.

Nadhani haraka hii imezidi tangu siku ya kuzaliwa ya kwanza igeuke kuwa sherehe ya picha. Wifi ameshapanga kila kitu: keki, maputo ya bluu, sare ya kitenge kwa familia nzima, mpiga video. Na katika mpango wake kuna kipande ambacho mtoto anatembea kutoka kwa baba yake kwenda kwenye keki. Amenionyesha kwenye simu jinsi wengine walivyofanya. Tukiwa jikoni nilimuuliza kwa upole, na asipotembea? Akajibu, "Wifi, wiki mbili hizi si tutamfanyisha mazoezi." Nampenda wifi yangu, ndiye aliyelala nami wodini siku nne. Lakini hapo nilikataa. Mwanangu hatapewa mtihani siku yake ya kwanza ya kuzaliwa, mbele ya watu hamsini na kamera, huku nusu yao wakisema "jamani bado" na yeye akilia kwa sababu ya kelele za maputo.

Na mimi nina sababu nyingine, ambayo sikumwambia.

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa siku 84, ndizo sheria yetu hapa Tanzania inazotoa kwa mtoto mmoja. Mwanangu alikuwa na wiki kumi na mbili niliporudi kazini. Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, jambo jema sana kwenye karatasi, lakini mimi nakaa Mbagala na kazi iko Mwenge, na saa mbili hizo hazinifikishi hata nyumbani na kurudi. Kwa hiyo nakamua chooni, naweka kwenye chupa, narudi usiku. Mwaka huu mmoja, ukitoa saa za kazi na za foleni, nimekaa na mtoto wangu macho yake yakiwa wazi kwa muda mfupi kuliko mtu yeyote katika nyumba ile. Halafu mnaniambia nimkimbize?

Siku alipoachia mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwepo. Alikuwa amesimama ameshika kiti cha plastiki, na chini ya kiti nilikuwa nimeweka sufuria ndogo na mfuniko wake. Aliuokota mfuniko kwa mkono mmoja. Ulikuwa mzito, ukaanza kumponyoka, naye bila kufikiri akapeleka na mkono wa pili. Basi. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye mfuniko na hapakuwa na aliyeshika kiti. Aliutazama ule mfuniko, akaugeuza, akajiona mle ndani, akatabasamu. Hakujua kama amesimama. Bibi alikuwa mkekani anachambua mchele, akanyanyua kidole kunizuia nisipige kelele. Tulihesabu moyoni, mimi nilifika saba. Kisha akaangalia chini, akakumbuka, akakaa.

Nililia. Dada alikuja kutoka uani, nikamsimulia, akafurahi nami, akapiga makofi, akamrusha mtoto juu. Jioni tukiosha vyombo, akiwa na furaha bado, ulimi ukamteleza: "Lakini leo amekaa muda mrefu, mama. Jumanne alisimama kidogo tu."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Alikuwa amejua siku nne nzima. Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa alinipokea mlangoni, akanipa taarifa ya uji, ya choo, ya usingizi, na hilo moja akalihifadhi ili niwe nimeliona mimi kwanza. Msichana wa miaka kumi na tisa, ambaye mama yake mwenyewe yuko mbali huko Singida. Nilimkumbatia na mikono ina sabuni, sikuwa na neno la kumwambia.

Kwa hiyo sherehe ipo, keki ipo, na kitenge nimeshapeleka kwa fundi, pamoja na cha dada. Mpiga video atapiga mtoto akiwa amekaa mkekani na bibi yake, au amepakatwa, au ameshika kiti chake kilekile cha plastiki, ambacho nimesema kisifichwe hata kama hakiendani na maputo. Shangazi wa Muscat nimemtumia picha ya mtoto na mfuniko, naye kanijibu kwa sauti ya dakika tatu, kaswali kamoja tu humo, na vicheko tele.

Na dada nimezungumza naye. Nimemwomba, mwanangu akienda tata nikiwa kazini, asinifiche tena. Anipigie saa hiyohiyo, hata nikiwa kwenye kikao, nitatoka nje niisikie.