Buti ya pikipiki: laki sita za dukani au elfu thelathini za Karume?

Mada ya viatu vya pikipiki ikianza tu lazima watu wagawanyike. Kuna washkaji wa piki kubwa, wale wa Jumapili asubuhi kwenda Bagamoyo na kurudi, msimamo wao ni mmoja: kama sio buti iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki, yenye lebo na plastiki ngumu kwenye kifundo, basi hujavaa kitu, ungekuja peku tu. Alafu kuna huku kijiweni kwa bodaboda, mtu anapiga masaa kumi na mbili juu ya Boxer na ndala, ukimtajia buti anakuangalia kama umemwambia anunue ndege. Sasa katikati yao yupo mtu ambaye pande zote mbili zinamcheka na mi naona anaonewa: jamaa mwenye buti ya kazi ya mtumba, ngozi nzito, imepanda juu ya kifundo, kainunua soko la Karume hapa Dar kwa elfu thelathini.

Wa piki kubwa tuwape haki yao maana hawasemi uongo. Buti ya pikipiki ya ukweli, iwe Sidi, TCX au Alpinestars, inapimwa kwa kiwango cha Ulaya kinaitwa EN 13634, na kwenye lebo yake unakuta kapicha ka dereva wa pikipiki na tarakimu nne, kila moja ni 1 au 2. Ya kwanza urefu, ya pili inavyohimili kusagwa na lami, ya tatu kukatwa, na ya nne, ambayo mi ndo naipenda, inahusu soli ikibanwa kwa upana inajikunja kiasi gani. Hiyo ipo kwa sababu piki ikianguka inakulalia mguu, unabanwa kati ya lami na chombo, na fundi aliyetengeneza kiatu cha ofisini hakuwahi kuwaza habari hiyo hata siku moja. Ukiona na herufi IPA ujue kifundo kina kinga ya kugongwa. Mtu anayetembea 120 barabara ya Morogoro na hela anayo, sina ubishi nae, anunue.

Ila hiyo buti ukiiagiza mpaka ifike mkononi unaongelea laki tano, sita, na kuendelea. Mwenzako yuko kwenye mkataba, tajiri anataka hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, mafuta juu yake, tairi juu yake. Ukimwambia "buti ya pikipiki au usivae kabisa" umemwambia asivae kabisa. Na zile za kopi zinazouzwa kama za pikipiki, zenye mabonge ya plastiki yanayong'aa, minya ile plastiki kwa kidole gumba uone inavyobonyea kama chupa ya maji, bora hiyo hela ungekula.

Na wa ndala nao wana hoja, tusijifanye hawana. Dar mwezi wa pili kiatu cha ngozi saa nane mchana ni jiko. Ukiingia Jangwani maji yamejaa unashusha miguu, ndala unaisuuza unaendelea, kiatu unashinda nacho kimelowa mpaka usiku na kesho yake vidole vinawasha. Kuna wanaovaa mabuti ya mvua msimu wa masika, nawaelewa, ila lile buti ukidondoka linabaki nyuma lenyewe mguu unaenda mbele wenyewe, halijakushika popote, na likigusa ekzosi unasikia harufu kabla hujasikia joto.

Sasa kitu kilichonifanya niandike. Kuna utafiti wa Australia, Liz de Rome na wenzake, ulitoka 2011. Walichukua madereva 212 wa pikipiki waliopata ajali eneo la Canberra wakaangalia kila mmoja alivaa nini na aliumia wapi. Kwenye miguu, kuanzia kifundo kushuka, waliokuwa na buti za pikipiki zenye kinga hatari yao ya kuumia ilikuwa pungufu kwa asilimia 46. Nzuri. Alafu wakawaangalia waliovaa buti ambazo SIO za pikipiki, buti tu za kawaida, wakawalinganisha na wa viatu vya chini na raba: pungufu kwa asilimia 54.

Nimeikalia hiyo namba muda mrefu. Sisemi buti ya kawaida inaishinda ya pikipiki, watu 212 ni wachache, namba ya hivyo inaweza kucheza juu na chini, na inawezekana mtu anayejali kuvaa buti ni mtu anayeendesha kwa akili tangu mwanzo. Lakini hata uikate vipi, haikubali ile kauli kwamba buti ya kazi ni sawa na peku. Inasema hatua kubwa ya faida iko pale mtu anapotoka kwenye kiatu cha chini kwenda kwenye kitu cha ngozi kilichofunika kifundo, na hatua ya kutoka hapo kwenda laki sita ni ndogo kuliko tunavyoaminishwa. Alafu kumbuka wale walilinganishwa na raba. RABA. Sio ndala. Kama raba tu iko mbali hivyo, kidole kilichotoka nje ya yeboyebo pale Buguruni kiko wapi?

Na utafiti huo huo una sehemu ambayo hao wa lebo huwa hawaitaji: kwenye kuvunjika mifupa, kinga zile za kuwekea ndani hazikuonekana kusaidia. Zinaokoa ngozi, nyama, michubuko, vidonda vile vinavyokaa miezi na kunuka. Mfupa ukipigwa na bampa la daladala unavunjika tu, ndani ya Sidi au ndani ya buti ya fundi bomba. Wa piki kubwa watasema ile tarakimu ya nne inasaidia mguu usipondwe na mi nakubali inasaidia, ila wasiuze kama hirizi. Kwa dereva wa boda kidonda cha kifundo peke yake kinatosha kumaliza mkataba, wiki sita hujapeleka hesabu tajiri anampa chombo mtu mwingine.

Kuna hili la chuma cha mbele kwenye buti za sefti, eti piki ikikukanyaga chuma kinajikunja kinakata vidole. Kila kijiwe kina mtu anayemjua mtu. Chuma kile kwa kiwango cha EN ISO 20345 kinatakiwa kihimili joule 200, yani uzito wa kilo 20 udondoke kutoka kama mita moja hivi juu ya vidole vyako, na tani moja na nusu ikikandamiza polepole. Mzigo wa kukikunja hicho chuma ungekuta vidole bila chuma ingekuwa habari ingine kabisa. Lawama ya haki kwa chuma ni kwamba pua ya kiatu inakuwa nene na kwenye piki zenye gia ya kunyanyua kwa ncha ya mguu hupati nafasi ya kuiingiza chini ya pedeli. Boxer na nyingi za kijiweni pedeli ya gia ina pande mbili, mbele unakanyaga kwa vidole nyuma unakanyaga kwa kisigino, sio lazima unyanyue, kwa hiyo shida hiyo ni ya piki kubwa wameiazima kwetu.

Ukienda Karume nenda asubuhi mzigo unafunguliwa, ila kujaribisha rudi jioni kama muuzaji anakubali kukuwekea, mguu wa jioni umevimba ndo saizi yako ya kweli. Shika kisigino mkono mmoja na pua mkono mwingine, kamua kama unakamua shuka. Ikizunguka kirahisi rudisha. Weka vidole gumba pande mbili za kifundo uminye, kama vinakutana hakuna ukuta pale. Soli usiamini macho, nyingi ni za zile sponji ngumu na zimekaa stoo Ulaya miaka, nje inaonekana mpya kabisa, ichimbe kwa kucha pembeni, ikitoa unga kama keki kavu achana nayo, wiki mbili itaachia yote uko Mwenge katikati ya foleni. Na zikiwa za mabaka ya kijeshi zipite tu, 2023 JWTZ walitangaza watu wasalimishe mavazi yanayofanana na sare zao, hiyo kesi huitaki kwa sababu ya kiatu.

Hoja moja ya wa piki kubwa niliikataa mwaka mzima mpaka ikaniangusha. Walikuwa wananiambia buti ya kamba ni mtego, nunua ya zipu au ya kufunika kamba. Nikacheka. Siku moja taa za Tazara, nimesimama, nataka nishushe mguu wa kushoto, mguu hauji. Kitanzi cha kamba kimeingia kwenye pedeli ya gia. Piki inaanza kulala taratibu kabisa, mwendo sifuri, mi nimekaa juu yake kama mfalme nikiangalia lami inakuja, abiria kashuka zake kistaarabu upande wa pili kabla sijafika chini. Konda wa daladala ya pembeni akaniuliza "bosi umechoka?" Piki ikanilalia kifundo, na kile kifundo kilikuwa ndani ya buti ile ile ya elfu thelathini, nikaamka na mkwaruzo kwenye ngozi ya kiatu tu. Kwa hiyo kwenye kamba walikuwa sahihi. Siku hizi nafunga fundo mbili, vitanzi nachomeka ndani, na ukiwa umevaa suruali ndefu ishushe juu ya buti ifunike kabisa.

Ile buti bado ninayo. Ya kulia nzima. Ya kushoto gia imekula ngozi juu ya kidole kikubwa mpaka chuma kikaanza kuchungulia, nikampelekea fundi viatu wa Ilala akashona kiraka cha tyubu la baiskeli kwa elfu mbili, akaniuliza na ya kulia aweke ili zifanane, nikamwambia aache.