Altgeld alisamehe, lakini ilikuwa lazima amshambulie jaji?

Tarehe 26 Juni 1893, Gavana John Peter Altgeld wa Illinois aliwafungulia mlango wa gereza watu watatu: Samuel Fielden, Oscar Neebe na Michael Schwab. Magazeti mengi ya Marekani yalimwita rafiki wa wauaji. Kwamba walistahili kutoka, kwangu halina mjadala. Ninachohoji ni namna alivyowatoa.

Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago walikuwa wanagoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane, vuguvugu lile lile lililotuletea sikukuu ya Mei Mosi. Usiku wa tarehe 4, polisi walipokwenda kutawanya mkutano pale Haymarket, mtu akarusha bomu. Polisi saba walikufa. Aliyerusha hakujulikana, basi wakashtakiwa waanakisti (wapinzani wa mamlaka ya serikali) wanane, kwamba hotuba na maandishi yao ndiyo yaliyomchochea. Wanne walinyongwa Novemba 1887, mmoja alijiua siku moja kabla, watatu wakabaki kifungoni.

Altgeld alipoingia madarakani, maelfu walikuwa wametia saini maombi ya huruma. Angeandika mistari miwili tu, kwamba wametumikia vya kutosha, na wenye mali wa Chicago wangemeza mate wakanyamaza. Baadhi yao walikuwa wametia saini wenyewe. Hakutaka. Aliwahi kuwa jaji wa Cook County, wilaya yenye jiji la Chicago, akalipekua jalada la kesi ukurasa kwa ukurasa. Aliyopata humo ni aibu. Majina ya jopo la wananchi 12 walioamua kesi hayakupatikana kwa bahati nasibu, bali ofisa wa mahakama alitumwa kwenda kuwatafuta watu mwenyewe. Mmoja wa walioitwa alikiri kuwa ni ndugu wa polisi aliyeuawa, na Jaji Joseph Gary hakuona sababu ya kumwondoa! Mawakili wa utetezi walilazimika kutumia nafasi zao chache za kumkataa mtu bila kutoa sababu.

Wanaomtetea Altgeld wana hoja nzito: ukimhurumia mtu, umekubali kwamba alikosa. Kama kesi ilikuwa mbovu, kuficha ubovu wake kwa neno la upole ni kuurudia.

Ila waraka wake wa msamaha haukuishia hapo. Alimgeukia Gary binafsi, akimtuhumu kwa upendeleo wa makusudi. Kisha akasema kwamba bomu, kwa uwezekano mkubwa, lilirushwa na mtu aliyekuwa akilipiza kisasi cha vipigo vya polisi. Alijuaje? Vipigo vilikuwepo kweli, na alivieleza vizuri, lakini mrushaji hakuwa amepatikana. Gavana aliyelaumu mahakama kwa kuhukumu bila ushahidi alijitungia mshukiwa wake. Kwangu hapo ndipo alipoteleza, na wapinzani walipenya papo hapo: badala ya kujibu habari za jopo, wakajadili chuki yake.

Gharama ilionekana mwaka uliofuata. Wakati wa mgomo wa Pullman, kampuni ya mabehewa ya reli, Rais Grover Cleveland alipeleka jeshi la shirikisho Chicago bila gavana kuomba. Altgeld alipinga, tena kwa hoja makini ya katiba, kwamba jimbo lilikuwa na askari wake na lilikuwa tayari kuwatumia. Nani angemsikiliza? Kwa magazeti, huyo alikuwa mtetezi wa waanakisti akirudia yale yale.

Hata hivyo, dai kwamba msamaha ndio uliomwangusha linatiwa chumvi. Ni kweli kwamba mwaka 1896 alishindwa na John Tanner wa Republican. Lakini mwaka huo Democrats walizama Illinois nzima, na Altgeld alipata kura nyingi jimboni humo kuliko William Jennings Bryan, mgombea urais wa chama chake, ambaye hakuwa amemsamehe mtu yeyote.