Mulozi Asiye na Feza ya Makala

Hapa Lubumbashi mtu akijenga ghorofa mapema, mtaa mzima unajua siri: ulozi, yaani uchawi. Akinunua gari, ulozi. Akinenepa ghafla, ulozi. Sasa mimi nauliza, na jibu nalitaka leo: nimekuwa mulozi tangu mwezi uliopita, ghorofa langu liko wapi?

Ngoja nieleze kabla hamjamwita mchungaji. Ni mulozi wa kwenye simu. Kuna michezo ya intaneti isiyo na picha hata moja, yote ni maneno. Unaandika kwamba unakwenda kaskazini, simu inakujibu kuwa uko kwenye uchochoro wa matope na panya anakutazama. Panya humuoni, unamsoma tu. Niliupenda kwa sababu ya umaskini wangu: maneno hayali megabaiti, na simu yangu picha nzito inazikataa kama tumbo la mgonjwa.

Mchezo wa kwanza wa namna hii uliitwa MUD. Roy Trubshaw alianza kuuandika mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Richard Bartle akauendeleza. Humo mchezaji aliyefikisha pointi za kutosha ndipo aliitwa mchawi, na mchawi alikuwa mkubwa, hafi, anaamuru. Niliposoma hilo nikasema, kazi nimepata. Kumbe siku hizi uchawi ni fani ya kuanzia tu, kama kuwa fundi viatu. Unapewa fimbo, kanzu na deni.

Naam, deni. Kila uganga mpya unamlipa mwalimu akufundishe. Ukishalipia, lazima ununue vifaa: unga wa salfa, mizizi, sijui manyoya ya popo. Ukiutumia mara moja vimekwisha, unanunua tena. Jamaa wa upanga yeye anapiga tu, upanga haumwombi nauli. Mimi kila nikimuua panya mmoja napata hasara.

Na malipo yenyewe ni sarafu za shaba. Shaba! Mimi niliyekulia mbele ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni yetu ya shaba, na ule mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda, nakwenda mpaka nchi ya mazimwi kulipwa shaba! Wazee wa Katanga walifanya biashara kwa misalaba ya shaba, na bendera ya Katanga ya 1960 ilikuwa na mitatu. Ule msalaba ukikuangukia mguuni unakumbuka thamani ya pesa. Yangu mimi ni mstari mmoja wa maandishi: una shaba nne.

Nikaingia biashara ya visu. Unawaua vijambazi wa pangoni, unachukua visu vyao vyenye kutu, unapeleka dukani. Cha kwanza mama wa duka alinipa shaba tatu. Cha pili mbili. Cha tatu moja. Cha nne akakikataa, duka limejaa. Hilo nalielewa, malori ya unga yakivuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa kwa wingi bei ya unga nayo inashuka, lakini kwenye unga mimi ndiye mnunuzi, nacheka. Nikamwandikia kwa heshima: mama, ongeza kidogo, mimi ni mteja wako. Akajibu kwamba hanielewi. Duka gani hilo lisilopatana bei? Angekaa siku mbili tu kwenye soko la Kenya (Kenya yetu, komini ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi), angejifunza kuishi na watu.

Halafu mulozi hana mgongo. Visu vitano, simu inaniandikia kwamba nimelemewa. Wale vijana wanaoingia mjini wakisukuma baiskeli zenye magunia ya makala (mkaa), mmoja wao akikanyaga mle ndani anatawazwa mfalme jioni hiyohiyo.

Ikabidi niwe tarishi. Mzee mmoja kwenye daraja anakupa barua umpelekee muuza mkate, unarudi, shaba mbili. Wiki mbili, barua tu! Nikafikisha shaba sitini, nikanunua uganga wa moto, nikashuka pangoni kama mtu. Nimemwasha jambazi wa kwanza, anayumba, karibu anaanguka, umeme ukakatika mtaani. Betri yangu peke yake haifiki dakika kumi, ni mzee.

Sasa, ukikatika mle ndani hutoweki. Unabaki umesimama, mdomo wazi, watu wanakupiga. Nilikwenda kuchaji kwa kijana mwenye jenereta, franka mia tano. Kurudi, mimi ni mzimu. Vitu vyangu vyote vilibaki kwenye maiti yangu, na maiti imekwisha kupekuliwa. Kasisi wa kunifufua anaomba sadaka. Mzimu ana mfuko?

Hapo ndipo nikapaza sauti: «Mimi mulozi mupya, feza nitatosha wapi?»

Jirani alikuwa anaanika nguo. Nilidhani atakimbia. Akaacha nguo, akamwita bibi yangu, yaani mke wangu, wakaja wote wawili kunitazama, si kwa woga hata kidogo.

«Papa Kasongo,» bibi akasema, «balozi bengine banajenga ma-etaji (walozi wengine wanajenga maghorofa). Weye hata feza ya makala hauna?»

«Njo naanza tu, mama.»

«Mwezi muzima!» akasema jirani, na kwa kweli alinihurumia.

Bibi yangu hana fimbo. Ana karai na mafuta. Anakaanga vitumbua alfajiri, saa tatu vimekwisha, na mteja wake akilialia anaongezewa kimoja. Akaniwekea ndoo miguuni, imefunikwa kitambaa, bado ina moto.

«Peleka kwa mama Feza, pale sokoni. Urudi na feza yote, nitakupa mia tano.»

Nikauliza kama ni mia tano kwa safari moja au kwa siku nzima. Akasema kwa siku.

Nikainua ndoo. Haikunilemea. Mia tano ni bei ya kuchaji simu mara moja, na kasisi bado anangoja sadaka yake.