Resori ya lori au chuma laini?

Kwenye karakana za kuchomelea za komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, ubishi huu hauishi: kulabu ya kuvutia trela itokane na resori kuukuu ya lori, yaani springi yake ya vyuma bapa, au chuma laini cha kawaida? Watetezi wa resori wana hoja nzito. Ukiipinda inarudi, na shimo la barabarani halijaishinda. Wenzao wanajibu kwamba ukishaichomelea haiaminiki tena. Nimeliona hilo kwa macho yangu: kiungo kinapoa, tukasikia “tak”, na ufa mwembamba kama unywele ukatokea pembeni ya mshono wa bageti, ile fimbo ya kuchomelea, wala si kwenye mshono wenyewe.

Chuma hupinda pale safu za atomu zake zinapoteleza. Atomu ngeni ikiyeyuka humo, kama chumvi kwenye maji ingawa chuma ni kigumu, safu hujikunyata na mtelezo unakwama. Manganizi na silikoni, elementi zinazochanganywa na chuma, hukaa mahali pa atomu ya chuma: asilimia 1 ya manganizi huongeza nguvu ya kukataa kupinda kwa takriban megapaskali 32 (kipimo cha nguvu hiyo), ya silikoni takriban 83. Atomu ya kaboni ni ndogo, hujipenyeza kwenye mianya, na kwa uzito uleule hubana mara nyingi zaidi ya hizo zote mbili.

Sifa ya resori imetoka huko, na balaa lake pia. Chuma kilichopoa taratibu hakiyeyushi hata asilimia 0.03 ya kaboni, ilhali resori huwa na 0.6 hivi. Joto la bageti likipotea haraka, kaboni inanaswa ndani bila nafasi, na sehemu ile inakuwa ngumu ya kuvunjika. Kiwandani ugumu huo ulishapunguzwa kwa kupashwa moto tena; bageti imeurudisha.

Mimi kulabu ya resori iliyochomelewa siikubali, maana nyuma ya trela kuna watu wanaotembea. Lakini chuma laini tupu si lazima. Chuma cha ujenzi cha S355 kina kaboni ya asilimia 0.2 hivi na manganizi hadi 1.6, huanza kukubali kupinda kwa megapaskali 355, wakati kile cha kawaida ni 235. Manganizi imechangia sehemu, chembe ndogo za chuma zimechangia nyingine, na kinachomeleka vizuri. Bei yake iko juu, ni kweli. Resori tuwaachie wafua panga: wao huipiga nyundo ikiwa nyekundu, bageti haiigusi.