Jaribio la dawa ya saratani: mgonjwa wa Pemba avuke bahari, au jaribio ndilo livuke?

Kisiwani Pemba majaribio ya tiba si jambo geni. Tangu mwaka 2000, maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyoko Wawi karibu na mji wa Chake Chake, imeshiriki tafiti kubwa za minyoo, kichocho na lishe ya watoto ambazo matokeo yake yamesomwa dunia nzima. Hata emodepside, dawa iliyoanzia kwa wanyama, ilijaribiwa hapa kwa watu wazima wenye minyoo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Kwa hiyo inaposemwa kwamba wagonjwa wa vijijini hawafikiwi na majaribio ya dawa za saratani, Mpemba hawezi kuambiwa kuwa kisa ni umbali wa kisiwa chake. Kwa minyoo, jaribio limemfuata hadi kwenye shehia yake. Kwa saratani, yeye ndiye anayetakiwa kulifuata.

Na kulifuata ni safari. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Zanzibar wanaohitaji tiba ya mionzi wamekuwa wakipewa rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa mtu wa Micheweni hiyo ni gari hadi bandarini, boti hadi Unguja, kisha boti nyingine. Jaribio lina mahudhurio mengi kuliko tiba ya kawaida, kwa kuwa damu hupimwa mara kwa mara, picha hurudiwa, na kila dhara la dawa huandikwa siku linapotokea. Kusi inapochafua bahari, mgonjwa ambaye dawa imemshusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, hukaa saa nyingi katikati ya umati wa abiria, na pengine akafika siku yake ya kliniki imeshampita.

Hoja ya wanaotaka majaribio ya saratani yafike vijijini ni nzito, na ushahidi wake bora hauhitaji kuagizwa kutoka Ulaya. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Pemba kwa watoto wadogo 24,076, ambao baadhi yao walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, kirutubisho kilichodhaniwa kuwa cha heri tupu. Sehemu hiyo ya jaribio ilibidi isimamishwe mwaka 2003, kwa sababu watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa kwa ugonjwa mkali, mahali ambapo malaria ilikuwa imeshamiri. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilirekebisha ushauri wake kuhusu chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria. Kama jaribio lisingefika kijijini, dhara hilo lingeendelea kugawiwa kwa nia njema. Saratani haina sababu ya kuwa tofauti: mwili wenye upungufu wa damu, minyoo au virusi vya ukimwi si lazima uipokee dawa kama mwili wa mgonjwa wa Boston, na anayetaka kujua hana budi kupima.

Hoja nyingine inatoka Marekani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 uliwatazama wagonjwa 36,995 walioshiriki majaribio 44 ya SWOG, mtandao wa utafiti wa saratani, ambao takriban mmoja kati ya watano aliishi kijijini, na ukaona kwamba karibu katika saratani zote zilizochunguzwa wa vijijini hawakupishana sana na wa mijini kwa muda wa kuishi. Wapo wanaosoma matokeo hayo kuwa ni sifa ya majaribio. Mimi nayasoma kwa tahadhari zaidi, kwa sababu ndani ya jaribio kila mgonjwa hupata vipimo vilevile, ratiba ileile na mtu wa kumtafuta asipotokea, na hakuna kati ya hayo kinachohitaji dawa mpya. Huenda kilichomfaa mtu wa kijijini ni uangalizi wenyewe.

Hapo ndipo wenye shaka wanapopata nguvu. Wanauliza ridhaa ya mtu ambaye hana tiba nyingine ni ridhaa ya namna gani, ilhali mfa maji haachi kutapatapa. Wanaongeza kwamba mradi wenye fedha za nje huwavuta wauguzi na mafundi wa maabara kutoka wodi ambazo tayari zina upungufu, na kwamba utafiti ukifungwa dawa huondoka na gari la mradi. Hofu ya kugeuzwa panya wa maabara huchekwa na baadhi ya wataalamu, nami naona si haki kuicheka, maana ni swali la nani atabeba hatari na nani atavuna. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti kwa binadamu, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linataka mipango ya tiba baada ya jaribio ifikiriwe kabla halijaanza. Tatizo ni kwamba sharti hilo huandikwa kwa maneno mapana ambayo mgonjwa hawezi kuyashika mkononi.

Hata hivyo, pande zote mbili zinaelekea kusahau kwamba wengi wa wagonjwa wa shamba huenguliwa kabla hata ya kuiona boti. Mtu hawezi kuingia katika jaribio la saratani bila kipande cha uvimbe wake kukatwa, kusomwa kwa hadubini na kupewa jina, na majaribio mengi hukataa mgonjwa aliyefika akiwa hajiwezi kitandani. Aliyezunguka mwaka mzima kati ya dawa za kienyeji na vidonge vya maumivu hatakidhi masharti hata akilipiwa nauli na malazi. Ndiyo maana pendekezo la kulipa usafiri peke yake, ambalo ni la haki na si ghali, litawafaa wachache.

Ninaegemea upande wa kuligawa jaribio lenyewe. Australia imekuwa na utaratibu ambao hospitali kubwa husimamia na hospitali ndogo za mbali huchukua damu, hutoa baadhi ya dawa na kumwonesha mgonjwa kwa daktari bingwa kwa video. Hospitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani au ile ya Chake Chake zingeweza kubeba sehemu kama hiyo, mionzi na picha ngumu zikibaki Dar es Salaam. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, utafiti wa aina hiyo utahitaji vibali vya pande mbili, nao ni ucheleweshaji ambao sioni vibaya kuuvumilia, mradi kamati ya maadili ya utafiti ya Zanzibar iutumie kudai kwamba huduma ya kusoma vipande vya uvimbe ibaki Pemba baada ya mradi.

Tena pa kuanzia si lazima pawe dawa kali. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na jaribio la chanjo yake lililofanywa Mwanza kwa wasichana 930 lilikuwa miongoni mwa tafiti zilizotumika mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipokubali dozi moja ya chanjo hiyo. Utafiti wa kinga na uchunguzi wa mapema unahitaji sampuli, kumbukumbu safi na mtu anayejua nyumba ya nani iko wapi, na kazi hiyo Wawi wanaijua.