The Lion King ya 2019: manyoya yamekaa sawa, uso uko wapi?

Sisi tuliokua na The Lion King ya 1994, katuni ya Disney ya Simba, mtoto wa mfalme wa mbugani, tukiiangalia kwenye mikanda ya video iliyochoka, tukisema marudio ya 2019 yametuangusha, tunajibiwa haraka: mmezeeka, mnalilia utoto wenu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila halimalizi kesi.

Waliotengeneza wapewe haki yao kwanza. Mwongozaji Jon Favreau alitumia picha moja tu ya kamera, ile ya mwanzo ya jua likichomoza. Yaliyobaki yote ni kompyuta, na bado unaona misuli ikicheza chini ya ngozi na vumbi likitulia juu ya manyoya. Wengi waliiita filamu ya wanyama halisi, wakati tuzo za Golden Globe waliiteua kwenye kundi la katuni. Mapato yake yalipita dola bilioni 1.6. Kwenye sauti nako kuna jambo: mwaka 1994 Simba mkubwa alikuwa Matthew Broderick na Scar, ami yake mwovu, alikuwa Jeremy Irons, safari hii wakaingia Donald Glover na Chiwetel Ejiofor, na Rafiki, yule nyani mganga, akapewa John Kani wa Afrika Kusini. Kwa hadithi ya mbuga za Afrika, mabadiliko hayo yalichelewa.

Tatizo ni uso. Kwenye katuni, Mufasa, baba yake Simba, anapoporomoka korongoni, macho ya Simba mdogo yanatanuka, mdomo unaachama, na hata ukiwa umekaa nyuma kabisa ya kibanda umiza unajua mtoto kafiwa. Mwaka 2019 tukio ni lilelile, sauti inalia vilevile, lakini sura ni ya simba wa kweli, na simba wa kweli hana nyusi za kukunja. Masikio yanasikia msiba, macho yanaona paka. Wimbo wa Scar wa kuwapanga fisi, uliokuwa na moshi wa kijani na gwaride, umekatwa, na nusu yake anausema tu. Na ule wimbo wa mapenzi unaotaja usiku wa leo, Simba na Nala wanauimba mchana kweupe!

Bibi zetu walipotusimulia habari za Sungura na Fisi, walipiga chuku: sauti inabanwa puani, mdomo unavutwa, fisi anakuwa mlafi kuliko fisi yeyote wa porini. Mnyama anayeongea anahitaji chuku hiyo. Kama ni twiga wa kweli, abiria wa basi la Mbeya anawaona Mikumi kupitia dirishani, bila kiingilio.

Halafu kuna muda. Ya 1994 ilikuwa na dakika 88. Hii inakaribia saa mbili, na sehemu ya nyongeza imeliwa na safari ya kishungi cha manyoya ya Simba. Kinapeperushwa, kinamezwa na twiga, kinatoka kwenye kinyesi, mdudu anakiviringisha, mpaka kinamfikia Rafiki, naye anajua Simba yu hai. Kwenye katuni upepo ulimaliza kazi hiyo muda mfupi tu.

Watetezi wana hoja moja inayonisumbua. Wangebadilisha hadithi, si tungelalamika zaidi? Mulan ya 2020, marudio mengine ya katuni ya Disney, iliondoa nyimbo na yule joka Mushu, na watu wakaja juu. Kwa hiyo watazamaji hatuna shukrani? Mimi naona ni makosa mawili tofauti. Mulan iliacha vitu vilivyopendwa. The Lion King ilivibeba karibu vyote, ikaacha kile kilichovifanya vipendwe. Ila watoto walioanzia hii ya 2019 hawana deni na mikanda yetu. Wanaimba Hakuna Matata kwa furaha ileile, na siwezi kuwaambia furaha yao ni ya bandia.

Disney wenyewe nahisi waliusikia mlio wetu. Mwaka 2024 walirudi na filamu ya Mufasa, chini ya mwongozaji Barry Jenkins, kwa kompyuta zilezile, na nyuso zikalegezwa kidogo, macho na midomo ikapewa kazi. Hadithi yake ina mapungufu yake na inazunguka mno, lakini walau ukizima sauti unaweza kujua nani kakasirika.