Taa za sikukuu zinamulika zenyewe usiku? Angalia swichi kwanza

Desemba bado haijafika lakini hili nataka kulisema mapema, kabla watu hawajaanza kumiminika Kikuubo, lile soko la jumla la Kampala, kununua taa. Kama nyumbani una swichi smati, zile za kugusa ama za kuwasha na simu, na umezifunga na taa za LED za Krismasi alafu taa zikawa zinamulika hata baada ya kuzima, tafadhali usizitupe. Mara nyingi taa ziko sawa kabisa. Kinachosumbua ni swichi na vile waya zimevutwa ndani ya ukuta, na inaniuma kuona watu wananunulishwa taa mpya kila mwaka kwa shida ambayo fundi yeyote wa umeme anapaswa kuijua.

Jirani yangu hapa Bweyogerere yalimkuta Krismasi iliyopita. Kazungusha taa kwenye nguzo za veranda, nyekundu kijani na bluu, kazifunga kwenye laini ya taa ya nje inayowashwa na swichi ya kugusa, ile ya kioo yenye kataa kadogo ka bluu pembeni. Anazima saa nne usiku, giza linaingia vizuri, ukikaa kidogo unaona pwa! waya mzima umemulika mara moja na kuzima, sekunde chache tena pwa, hivyo hivyo mpaka kunakucha. Fundi akaja akaangalia akasema, "Mzee, hizi ni feki, lete zingine." Zikaletwa zingine, nazo zikafanya vile vile.

Shida iko hapa. Swichi ya kawaida ukiizima imekata, basi. Swichi smati haiwezi kulala hivyo, ndani yake kuna redio ya Wi-Fi na chipu vinavyohitaji umeme saa zote, la sivyo simu yako ikisema washa hakuna wa kusikia. Kama kwenye boksi la swichi kuna laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha), inakunywa umeme wake hapo hapo na haisumbui mtu. Lakini nyumba zetu nyingi zimefungwa kwa ule mtindo wa Kiingereza, laivu inapita juu darini, alafu wanashusha ukutani waya mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi kwenye taa, nyutro haifiki kabisa kwenye swichi. Ndo maana kuna swichi zinazouzwa kama "bila nyutro", na hizo zinapata umeme wao kwa kuupitisha kidogo kidogo ndani ya taa yenyewe hata ikiwa imezimwa.

Enzi za balbu za nyuzi huo umeme mdogo haukuonekana, balbu ya wati 60 haiwezi hata kupata joto kwa kiasi hicho. LED ni kitu kingine. Waya mzima wa taa mia moja unaweza kula wati 5 hivi tu, na nyingi zina kapasita ndani, kidude cha kuhifadhi umeme kidogo, sasa ule umeme unaovuja unaingia kwenye kapasita kama maji ya mfereji mbovu yanavyodondoka kwenye ndoo, ikijaa inamwagika mara moja, hapo ndo unaona ile pwa, alafu inaanza kujaa upya. Zisizo na kapasita hazifanyi pwa, zinabaki na kamwanga hafifu usiku kucha.

Dawa ipo, na saa zingine ilikuja ndani ya boksi. Swichi nyingi za bila nyutro zinauzwa na kidude kadogo chenye waya mbili, ni kapasita, na mafundi wengi wanakiacha kwenye karatasi kinatupwa. Hakifungwi kwenye swichi, kinafungwa kule kwenye taa, kati ya laivu inayotoka kwenye swichi na nyutro, ili ule umeme unaovuja upite pale badala ya kupita kwenye LED. Wengine wanafunga balbu moja ya nyuzi sambamba na zile taa na kweli inasaidia, ila mimi siipendi maana ukiweka balbu ya wati 25 kuzituliza taa za wati 5 umetumia Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, mara tano zaidi kulinda kitu ulichonunua ili kuokoa Yaka.

Kabla ya yote hayo lakini, jaribu kitu kimoja: toa swichi smati, rudisha ya kawaida. Kama taa bado zinang'aa kidogo zikiwa zimezimwa, inawezekana fundi aliyefunga nyumba aliweka swichi kwenye nyutro badala ya laivu. Hiyo sio ya kungoja sikukuu iishe. Maana yake hata ukizima, kwenye holda ya taa laivu bado ipo, na mtu atapanda ngazi kubadilisha balbu akijua ni salama. Ita fundi siku hiyo hiyo, na asiwe yule yule.

Kwa maoni yangu taa za sikukuu hazina haja ya swichi ya ukutani kabisa. Nunua plagi smati, ile unayochomeka kwenye soketi, taa unazichomeka kwayo, na unaiamuru na simu. Kwenye soketi laivu na nyutro zote zipo, kwa hiyo plagi inajilisha yenyewe, na ndani yake kuna relei, chuma kinachogusa na kuachia, unasikia kabisa tak ikiwaka na tak ikizima. Ikiachia imeachia. Iwe Krismasi, Idd, ama siku ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, uwani kwa watu, taa zitazima kweli kweli.

Na dima, swichi za kupunguza mwanga, kaa nazo mbali. Taa hizi za bei ya kawaida hazikutengenezwa kupunguzwa mwanga, na dima nyingi za zamani zinataka mzigo wa wati 40 ama zaidi ndo zifanye kazi vizuri, ukizipa wati 5 zinachanganyikiwa, taa zinatetemeka, zingine zinagoma kuzima. Wala sio shida ya Uganda peke yake. X10, mfumo wa zamani wa kuendesha vitu vya nyumbani kupitia waya za umeme, ulioanzishwa 1975 na Pico Electronics ya Glenrothes kule Scotland, ulikuwa na moduli za aina mbili, moja ya taa yenye dima ndani na nyingine ya vifaa yenye relei. Wamarekani walipohamia taa za Krismasi za LED wakaona ile moduli ya taa inawasumbua hivi hivi.

Kitu kingine ambacho muuzaji hakuambii ni ile kontrola, kale kaboksi kenye kitufe kimoja cha kubadilisha mitindo minane. Nyingi hazina kumbukumbu. Wewe ulibonyeza mpaka ukapata ile ya kuwaka tu kwa utulivu, plagi ikakata umeme saa nne, kesho yake jioni inawasha na kontrola inaanza upya na mtindo wa kwanza, ule wa vurugu unaopitia mitindo yote, na wewe uko kazini mjini. Kwa hiyo dukani fanya hivi, washa taa, chagua mtindo wa utulivu, chomoa, subiri kidogo, chomeka tena. Zikirudi na ule ule, chukua. Zisiporudi, tafuta zisizo na kontrola kabisa, na za rimoti zijaribu hivyo hivyo maana zingine umeme ukirudi zinangoja ubonyeze rimoti.

Alafu kuna suala la kwenda kijijini, na hapa ndo naona automesheni inasaidia kweli. Tarehe 24 mtaa unahama, watu wako Masaka, Mbale, Arua, na nyumba yenye giza wiki nzima inajitangaza. Taa zikiwaka jioni na kuzima usiku kwa ratiba, nyumba inaonekana ina watu. Ila umeme wetu unaenda na kurudi, na plagi nyingi hazina betri ya kushika saa, umeme ukirudi zinaiuliza intaneti ni saa ngapi. Bando la ruta likiwa limeisha, ratiba inapotea. Weka bando la kutosha hadi utakaporudi, na kwenye programu ya simu tafuta ile sehemu ya kuamua plagi ifanye nini umeme ukirudi, chagua ikumbuke hali iliyokuwepo. Vile vitaima vya kuzungusha vya bei rahisi navyo umeme ukikatika masaa matatu vinasimama, kuanzia hapo vinachelewa masaa matatu kila siku mpaka mtu avirekebishe.

Usilipie zaidi kwa sababu plagi inajua jua linazama saa ngapi. London Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni na Juni ni baada ya saa tatu usiku, wao wanaihitaji. Sisi tuko kwenye ikweta, mwaka mzima ni karibu na saa moja jioni, weka saa moja basi.

Mkiletewa taa na ndugu walioko Marekani someni kile kikaratasi kwenye waya. Ikiandikwa 120V usichomeke kwenye soketi yetu ya 240V hata kama una adapta ya plagi, adapta inabadilisha umbo la miguu tu, volti zinabaki zile zile, na plagi smati haitakuokoa. Za nje ziwe angalau IP44, kile kiwango cha kuzuia maji, Desemba bado kuna mvua, na plagi yenyewe ikae ndani.

Na kwa anayejenga sasa hivi, Mukono, Wakiso, popote, kabla ukuta haujapigwa plasta mwambie fundi avute nyutro kwenye kila boksi la swichi. Atakuambia haina kazi, ni kupoteza waya. Nunua huo waya. Ni mita chache kwa kila swichi wakati paipu ziko wazi, ukisubiri utapasua ukuta uliokwisha pakwa rangi. Na usimuache aikate fupi, mwambie aikunje ndani ya boksi na kuifunga mwisho wake na konekta, hata kama leo unaweka swichi ya kawaida kabisa.